Saa Nne na Nusu ya Bi Mkubwa

Watu wa rika langu ukiwatajia ile ajali ya geti la reli hawakuelezi ilikuwaje. Kila mmoja anakueleza alikuwa wapi. Huyu alikuwa anafua, yule alikuwa kwa kinyozi, kanyolewa upande mmoja, na mpaka leo hakumbuki nani alimmalizia upande wa pili. Wapo pia wanaosema walikuwa palepale, wakivunja vioo na kuvuta majeruhi. Hao ukiwakusanya wote wanajaza uwanja wa mpira na wengine wanabaki nje. Siwalaumu. Wasichana hamsini na wanane wa chuo cha uuguzi walikufa ndani ya mabasi mawili asubuhi moja, treni ikiwa imewapitia pale barabara inapokata reli, na kizuizi kikiwa juu. Bendera ilipepea nusu mlingoti siku tatu. Mtu anaona aibu kusema kwamba saa hiyo yeye alikuwa anakula maandazi.

Mimi nilikuwa kwenye cherehani. Hilo nililisema mbele ya tume ya uchunguzi, kwa kiapo, pamoja na jambo jingine lililompeleka shemeji yangu jela.

Shemeji, mume wa dada yangu mkubwa, ndiye aliyekuwa mlinzi wa geti lile. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda kando ya reli, kupokea simu kutoka stesheni kwamba treni inakuja, kisha kutoka na kuzungusha gurudumu la kushusha vizuizi. Asubuhi ile aliomba ruhusa ya saa moja, akaja karakana yetu kuchukua suruali yake ya kuvaa kwenye harusi ya mfanyakazi mwenzake. Kutoka kwetu hadi getini ni dakika ishirini kwa miguu. Treni ilipita saa nne na dakika arobaini.

Sasa nieleze habari ya saa ya ukutani, maana bila hiyo hamtanielewa. Karakana ilikuwa ya Bi Mkubwa, mwanamke wa maneno machache na mkasi mkubwa. Mafundi sita tulikuwa tunachelewa, kila mtu na sababu yake, mpaka akachoka kusikiliza habari za watoto wetu. Akapanda juu ya kiti, akaisogeza saa ya ukutani mbele kwa dakika ishirini. Kuanzia hapo, kufika tulifuata saa ya ukutani. Kuondoka tulifuata saa ya mkononi mwake. Tulinung'unika mwezi mmoja, tukacheka mwezi wa pili, baada ya hapo hakuna aliyeikumbuka tena. Asubuhi ilikuwa ya ukutani na jioni ilikuwa ya Bi Mkubwa, basi. Nilifanya kazi chini ya saa ile miaka kumi na mbili.

Siku tume iliponiita, niliwakuta wanaume watano kwenye meza ndefu, wote na miwani. Yule wa katikati akaniuliza kama niliangalia saa wakati shemeji anaondoka. Nikasema ndiyo, niliangalia, kwa sababu nilikuwa na sare za kukabidhi saa sita. Ilikuwa saa ngapi? Nikasema saa nne na nusu. Nilisema kile nilichokiona. Bi Mkubwa mwenyewe hakuitwa. Alikuwa chumba cha nyuma akikata vitambaa na hakumwona mtu.

Hesabu ilifanywa mbele yangu. Saa nne na nusu, jumlisha dakika ishirini za njia, saa tano kasoro dakika kumi. Treni ilikwishapita. Tena mtu wa stesheni alisema alipiga simu kibandani mara mbili haikupokelewa. Kwa hiyo mlinzi hakuwepo kazini. Shemeji alipoulizwa alisema, "Ni kama alivyosema shemeji yangu." Mahakama ikamfunga miaka minne.

Dada yangu alikata mguu nyumbani kwangu kuanzia siku hiyo. Hakunitukana, wala hakunifanyia vituko barabarani. Alisema mara moja tu, mlangoni pake, watoto wakisikia: "Ungeshindwa nini kusema hukumbuki?" Kisha akafunga mlango. Dada yangu ndiye aliyenilea. Yeye ndiye aliyenifundisha kupitisha uzi kwenye sindano, mimi nikiwa na miaka mitano, na kila nikilamba ncha ya uzi mpaka leo namwona yeye.

Baada ya miaka saba Bi Mkubwa alifunga karakana kwa sababu macho yake yalikuwa yanafifia. Akatugawia vitu. Mimi nikapewa saa. Niliitundika sebuleni, asubuhi ya kwanza nikawasha redio. Mtangazaji akasema ni saa moja kamili. Nikaitazama saa, inasema saa moja na dakika ishirini. Nilikaa chini, kwa sababu hapo ndipo nilipokumbuka. Shemeji aliondoka kwetu saa nne na dakika kumi. Saa nne na nusu alikuwa amekwishafika getini.

Mtu mwingine angekimbia siku hiyohiyo kwenda kusema. Mimi nilikuwa mwoga, na nasema wazi, sina cha kujitetea. Shemeji alikuwa amekwishatoka jela, anajitafutia riziki ya kunoa visu na mikasi nyuma ya soko. Nilijiambia kwamba yaliyopita yamepita. Mikasi yangu nilimpelekea yeye kila mwezi hata kama bado ilikuwa na makali. Aliipokea vizuri, ananiuliza hali ya miguu yangu, hanitazami vibaya hata siku moja. Nikadhani ni wema tu. Saa niliirekebisha na kukaa kimya miaka mingine kumi na saba.

Mwaka huu ndipo alipokuja binti mwenye kinasa sauti. Wanaandika kitabu cha kumbukumbu, kila mtu aseme alikuwa wapi siku ile. Tulipanga aje Alhamisi. Habari zikamfikia dada, sijui kwa njia gani, na Jumatatu jioni mwanawe wa kike, yule wa mwisho, akagonga mlango wangu. Mara ya mwisho aliponitembelea alikuwa hajaanza shule.

"Mama mdogo, shikamoo. Mama kanituma," alisema kabla hata hajakaa. "Anasema safari hii useme hukuwa na uhakika na saa. Ukisema hivyo tu, kwake yamekwisha. Nitakuja Ijumaa kusikia."

Nilitaka kumwambia palepale kwamba nina jambo kubwa kuliko hilo. Lakini nikaona haki ni shemeji alisikie kwanza. Usiku ule nililala vizuri kuliko siku nyingi, na asubuhi nikafunga safari hadi nyuma ya soko bila hata mkasi mkononi.

Alikuwa ameinamia jiwe lake la kunolea, anakanyaga pedali. Nikavuta kigoda.

"Shemeji, nina neno. Nilitakiwa nikwambie zamani."

"Sema, shemeji. Mikasi leo umeisahau?"

Nikamweleza yote. Saa ya Bi Mkubwa, dakika ishirini, redio, na uoga wangu. Nilimwambia kwamba Alhamisi naenda kulisema hili kwenye kinasa sauti, litaandikwa kitabuni, na jina lake litasafishika. Nilikuwa nalia na kucheka. Yeye alikuwa ameacha kukanyaga pedali.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba saa yenu iko mbele. Nani alikuwa hajui? Dada yako alikuwa ananitania, anasema nyinyi mafundi mnazeeka haraka kuliko watu wengine. Halafu naye akasahau, kama nyinyi." Akapangusa kisu kwenye paja lake, pande zote mbili. "Nilifika mapema, shemeji. Nilikuwepo."

Sikuelewa. Nilimuuliza, kama ulikuwepo, mbona ulinyamaza, ukafungwa bure?

"Ile suruali," akasema. "Uliniambia pindo umelipiga bandi tu, niijaribu siku hiyohiyo, isipokaa vizuri nikurudishie jioni."

Ni kweli nilimwambia. Bandi ni mshono wa muda, nyuzi ndefu za kushikilia tu, na harusi ilikuwa kesho yake.

"Nikaingia kibandani kwa mlango wa nyuma, nikavua ya kazi, nikaanza kuvaa ile. Simu ikaita. Yule bwana wa stesheni unamjua; mara mbili kwa siku alipiga kwa kazi, mara ishirini kwa porojo. Nikasema atangoja. Ikaita tena. Nikaharakisha, kidole kikanasa kwenye nyuzi za pindo, nikaanguka na suruali magotini. Nainuka, nasikia honi. Nikatoka mlangoni nikiwa nimeishika kiunoni. Nikaliona basi la kwanza linapanda juu ya reli. Dereva alinitazama, shemeji. Alinitazama akaona mlinzi yupo, akajua njia iko salama."

Pembeni yetu mwanamke mmoja alikuwa anangoja kisu chake. Shemeji akampa, akamrudishia chenji, akamwambia karibu tena. Kisha akanigeukia.

"Watu walipofika walinikuta navuta majeruhi, wakadhani nimetoka mjini mbio kama wao. Sikuwasahihisha. Halafu wewe ukasimama pale ukasema saa nne na nusu, nikakutazama, nikajua hudanganyi, umesahau tu. Nikashukuru. Miaka minne niliikaa nikishukuru."

"Na dada?"

"Dada yako ameolewa na mtu aliyechelewa. Na huyo ameweza kuishi naye. Wazazi wa wale wasichana nao wanamlaani mtu ambaye hakuwepo." Akakohoa. "Ukisema saa ilikuwa mbele, watapiga hesabu upya. Watataka kujua nilikuwa nafanya nini. Hata ukisema hukumbuki, wataanza kuuliza. Mimi siwezi kuwaambia, shemeji. Siwezi kuwaambia ilikuwa suruali."

Nilikasirika. Niseme kweli, nilimkasirikia sana. Miaka ishirini na minne nimebeba mzigo usio wangu, dada yangu kaninyima uso wake, na huyu alikuwa na ufunguo mfukoni. Nilimwambia hivyo, tena kwa sauti, mpaka muuza ndoo akageuka. Shemeji alikuwa analia kama wazee wanavyolia, uso haubadiliki, maji tu yanashuka. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na njia nzima nilikuwa namwona akihangaika na bandi yangu. Nyuzi zile nilizishona kwa mkono wangu. Ningelipiga cherehani pindo lile siku moja kabla, kama nilivyomwahidi, asingekuwa na haja ya kujaribu.

Alhamisi binti alikuja mapema. Msichana mwenye adabu, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akaweka kinasa sauti mezani, akaniambia mama yake mdogo alikuwa basi la pili, na yeye amepewa jina lake.

"Pole, mwanangu," nikasema.

"Asante, mama. Sikumjua. Nataka tu kujua ilivyokuwa."

Nilimweleza kuhusu cherehani, sare, na jinsi jirani alivyoingia na habari akiwa na kiatu kimoja. Aliuliza vizuri, hakunikatiza. Kisha akafika pale.

"Yule mlinzi wa geti alipitia kwenu. Wengi mpaka leo wanajiuliza alikuwa wapi hasa. Unakumbuka aliondoka saa ngapi?"

Nilimtazama machoni. Alikuwa ameinamisha kichwa upande kama mtu aliyezoea kusikiliza wazee. Anastahili kuambiwa, nilijua hivyo, na najua hivyo mpaka sasa.

"Saa nne na nusu," nikasema.

"Una uhakika?"

"Niliangalia ukutani."

Akaandika. Nilimdanganya mtoto wa watu kwa neno la kweli, ndani ya nyumba yangu, halafu nikamkaribisha chai, akanywa.

Ijumaa mtoto wa dada alikuja kama alivyoahidi. Safari hii alikaa. Alikuwa na mfuko wa plastiki mapajani, kaushika kwa mikono miwili, na uso wake ulikuwa umechangamka kama wa mtu aliyebeba zawadi.

"Enhe, mama mdogo, umesemaje?"

"Mwambie mama yako nimesema kilekile."

Hakuelewa mara moja. "Kilekile kipi?"

"Saa nne na nusu."

"Kwa nini?" Akaniuliza kwa uchungu hasa, siyo kwa hasira. "Alichokuomba ni kidogo tu. Kwa nini, mama mdogo?"

Jibu lolote la kweli ningempa lingefika kwa mama yake kabla ya jua kuzama. Nikamwambia ndivyo saa ilivyokuwa ikisema. Akaanza kukunja mdomo wa mfuko, na katika kuukunja nikaona ndani kitambaa cha bluu, kizuri, kizito, kama mita tatu.

"Hicho cha nani?" nikauliza, ingawa nilikwishajua.

"Cha mama. Alisema mambo yakiwa sawa nikuachie, umshonee gauni. Akasema vipimo vyake unavyo kichwani."

Akasimama na mfuko wake, akaniaga kama anavyomuaga mtu mzima yeyote, akatoka. Vipimo sikuwa navyo. Nina vya mwanamke wa miaka thelathini na nane, na dada sasa ana sitini na mbili. Ingebidi aje mwenyewe, asimame hapa mbele yangu, anyanyue mikono, nimzungushie futi ya kupimia kiunoni.