Kisigino cha Kandambili

Mara ya mwisho jumuiya iliposali kwa Enesi, kiti kiliyumba, Mzee Anyelwisye akaenda chini na Biblia yake, na watu wakacheka kabla ya kumwinua. Tangu hapo mzee hakukanyaga ibada ya nyumbani. Sasa zamu ya Enesi ilikuwa imerudi, naye akampelekea salamu: aje, kiti kitatulia.

"Nitakuja kuona," mzee alijibu. "Nikianguka tena, mnizike huko huko."

Asubuhi Luka, mdogo wa marehemu mumewe, alifika na msumeno.

"Shemeji, mguu mmoja mrefu huu. Nikate?"

"Meza yangu uliipunguza hivyo hivyo. Leo kuku anapanda bila kuruka."

Luka akacheka, akauweka msumeno chini. Enesi alikigeuza kiti, cha mbele kikawa nyuma. Kiliyumba vilevile, ila safari hii ulioelea ni mguu mwingine, pale pale dirishani.

"Umeona? Sakafu ndiyo imebonyea."

"Basi kisogeze."

"Macho ya mzee yanataka dirisha."

Udongo wa kusiriba ungechelewa kukauka. Enesi akavua kandambili yake ya kushoto, akakata kipande cha kisigino, akakisukuma chini ya mguu wa kiti. Kiungo kimoja cha kiti bado kilikuwa kimelegea. Luka alitoka nje, akafungua mpira aliofungia mzigo wa unga kwenye baiskeli yake, akauzungusha pale, akaukaza kwa meno. Enesi alijua kwamba unga ule sasa utakwenda nyumbani kichwani mwa Luka.

Saa kumi watu walikaa. Mzee Anyelwisye alisimama mbele ya kiti, akakibonyeza kwa kiganja. Akaona mpira. Akaona kipande cha bluu sakafuni. Kisha akautazama mguu wa Enesi, kisigino kikigusa chini.

"Enesi, kumbe sasa wewe ndiye utakayeyumba."

Akakaa kwa uzito wake wote. Kiti hakikulia.

Mzee alifungua Biblia, akaisogeza kwenye mwanga, kisha akainua kichwa.

"Mwezi ujao mje kwangu. Mabenchi yangu mabovu kuliko kiti hiki. Luka, uje na mpira. Msumeno uache nyumbani."

Wakacheka tena, na mzee ndiye aliyechelewa kunyamaza.