Weupe kwenye Bega la Husna

Abdulhamid alikuwa na ugonjwa wa kujua kila kitu. Tangu biashara ya nje ilipofunguliwa naye akaanza kuleta vitambaa kutoka Dubai, Kariakoo nzima ililiamini jicho lake. Alishika jora, akalifunua juani, na palipopenya mwanga alisema hapo pametoboka, rudisha. Hakukosea, na hakuchoka kukukumbusha kwamba hakosei.

Ndiyo maana siku binti yake Husna alipopigwa picha ya bega, hakuona sababu ya kumngoja daktari. Mwaka uliopita mkono wa mtoto ulivunjika akirusha tu mpira wa pete, kumbe ndani ya mfupa mlikuwa na uvimbe wa maji. Haikuwa saratani, lakini ulikuwa umeula mfupa mpaka likabaki ganda. Daktari Severa hakupasua. Alipitisha sindano, akanyonya yale maji, akaweka dawa. Abdulhamid wakati huo alikuwa Dubai, kwa hiyo picha ya kwanza aliiona mkewe peke yake. Kwa hii ya sasa, daktari alishawaambia wazi: tundu likiwa bado lipo, bega litafunguliwa kwa kisu, na mpira ndiyo basi.

Wakiwa kwenye benchi la nje wakingoja kuitwa, Abdulhamid akaichomoa picha kwenye bahasha na kuielekeza juani. Karibu na bega, palepale penye ugonjwa, palijaa weupe unaong'aa. Mwanga ulipenya bila haya. Mgonjwa aliyeketi jirani akanyoosha shingo, akaguna, akamwambia amwachie Mungu.

Husna aliusoma uso wa baba yake, akauliza kama ni kisu. Abdulhamid akajibu kwamba wapo watu chungu nzima wanaoishi vizuri bila kurusha mpira. Msichana akageukia ukutani na kulia kimya kimya, na baba mtu akatamani ardhi ipasuke immeze.

Walipoingia ndani, hata picha haijatundikwa, yeye alikwisha kutoa hukumu: tundu limepanuka, daktari apange tu siku ya kupasua. Daktari Severa hakubishana naye. Aliitundika picha mbele ya taa, na ile ya zamani akaiweka pembeni yake. Kwenye ya zamani, mahali palepale palikuwa peusi tititi.

"Baba Husna," akasema, "kwenye picha hizi tundu ndilo jeusi. Huo weupe ni mfupa. Umejaa wote."

Abdulhamid akasogea karibu na taa, akazikagua picha zote mbili kama majora. Daktari akaeleza kwamba uvimbe wa aina hii una tabia ya kurudi, kwa hiyo mwakani watapiga picha nyingine. Lakini mpira, ruksa.

Kisha akamwambia Husna ainue mkono. Tangu uvunjike alikuwa akiubeba kama sahani za wageni. Sasa aliuinua taratibu, ukapita bega, ukapita sikio, ukanyooka kuelekea darini. Abdulhamid alilia mbele yao wote wawili, wala hakujificha.

"Baba, nishushe?"

"Hebu uache hapohapo, mwanangu," akasema. "Bado nauangalia."