Mbuzi ya Somoe Nyuma ya Kioo

Kiti ni laini mno, hilo ndilo kosa la kwanza. Mzee Mfaume amelala juu ya magunia ya korosho, amelala kwenye mabaraza ya miji asiyojua majina yake, na mara moja amelala ndani ya karavati huku lori na mvua vikipita juu yake, lakini hajapata kukalishwa kwenye kiti chenye kitambaa chekundu na pa kuegemeza mikono, mashine ya ubaridi ikimpulizia utosini. Kifuani wamembana kikaratasi kwa pini, kimeandikwa MGENI. Pale mlangoni amemwambia binti wa mapokezi: mwanangu, kile kitu mlichokitoa gazetini nakijua, nimekuja kuwaambia ni cha nani. Binti hakuinua macho kwenye simu yake. Maswali ni mwisho wa mhadhara, babu, saa kumi kamili, kisha kuna ziara, kisha tamasha. Basi kazi ya Mfaume leo ni moja tu: saa kumi imkute yuko macho.

Jukwaani Dokta Emeriana, mwenye jumba hili la sanaa kwa maneno yake mwenyewe ingawa ameajiriwa tu, ananyoosha fimbo kwenye sanduku la kioo. Ndani ya kioo wamesimamisha mbuzi ya kukunia nazi. Wameisimamisha wima, kwa makalio yake, ulimi wa chuma ukitazama dari kama jogoo anayetaka kuwika. Hiki, anasema Dokta, ni kiti cha mizimu. Chuma hiki ni ulimi wa babu anayeongea na mbingu. Tazameni ulivyopinda kushoto: ndiyo roho inayoelekea machweo. Na shavu hili la kulia, lililong'aa hivi, limepapaswa na vizazi na vizazi vya waumini. Watu wanaguna kwa utamu, wengine wanaandika. Mfaume anajiumauma midomo. Shavu! Hapo ndipo mkewe Somoe alipokuwa akikalia, kiupandeupande kwa heshima zake, na chuma kimepinda kushoto kwa sababu Somoe alikuwa mshoto, na Mfaume mwenyewe ndiye aliyeichonga mbuzi hiyo na kukipinda chuma, siku saba kabla ya harusi, kwa nyundo ya kuazima. Bi Kuruthumu, mama wa kiti cha jirani, anamgonga kwa kiwiko. Babu, unacheka nini? Nacheka wasomi. Nyamaza basi, wakimaliza wanagawa sambusa, mimi siji hapa kwa mizimu. Kwenye kibao cha maelezo, chini ya kioo, wameandika kwa herufi nene: Mwenyewe hajulikani. Mfaume anayasoma maneno hayo mara ya tatu, mara ya nne, na kila akiyasoma herufi zinalegea, na fimbo ya Dokta inarefuka, inamfikia, inamgusa kati ya macho, na yeye anainuka kitini bila kuinuka, anapita ndani ya kioo kama mtu anayeingia majini, na hakuna anayemzuia.

Upande wa pili kuna barabara, na barabara hiyo imesakafiwa na kupigwa nta, haina vumbi hata la dawa. Mfaume anaidharau papo hapo. Barabara isiyo na vumbi haijamfikisha mtu popote. Kulia ni mji na kushoto ni mji uleule, nyumba kwa nyumba, umegeuzwa tu kama kiatu cha pili, na kuta zote ni vioo, na ndani ya kila nyumba watu wamesimama kimya na vikaratasi vifuani. Mwanamke ameshika mwiko hewani: Mwanamke, Akiwaza. Mwanamume ameinama juu ya baiskeli: Mashine na Majonzi. Pancha tu hiyo, anasema Mfaume kwa sauti, mpeni gundi! Wanaotazama kutoka nje wanageuka na kumwambia shhh, wote pamoja, kama mchanga unaomwagwa. Mbele yao anasimama kiongozi wa ziara, ameinua mwavuli uliofungwa ili wasimpotee, na kiongozi huyo hana uso. Pale pa uso ni peupe, pamelainika, kama ndani ya kifuu ambacho nazi yake haijakunwa. Natafuta mbuzi ya mke wangu, anasema Mfaume. Aliyeikalia hayupo, kiongozi anajibu, na aliyeichonga hakai. Sikuja kufumbiwa mafumbo, bwana, niambie njia. Njia ni ile uliyoiacha. Ipi? Nimeacha nyingi. Basi zitembee zote. Na mwavuli unakwenda, na kundi linakwenda, na Mfaume anakwenda, na barabara inazunguka na kurudi kwa mwanamke mwenye mwiko, inazunguka tena na kurudi kwa mwenye pancha, na kila wakirudi kiongozi anasema tumeingia chumba kipya, na kundi linashusha pumzi ya mshangao. Mijinga hii, anawaza Mfaume, ukiipeleka chooni mara tatu italipa kiingilio mara tatu. Lakini miguu yake haiachi kuifuata.

Halafu wako kwenye tamasha. Ukumbi umejaa, na jukwaani wamekaa wanamuziki arobaini wenye suti nyeusi na glavu nyeupe, kila mmoja amepanda mbuzi ya nazi kama anapanda farasi, miguu huku na huku, na hakuna mwenye nazi. Mwongozaji anainua kijiti. Mikono themanini inakuna hewa. Hakuna sauti yoyote. Mtu mmoja safu ya mbele anatoa leso na kulia. Lini mtaleta nazi? anauliza Mfaume. Kiongozi yuko ubavuni pake. Nazi ingechafua wimbo. Hamjui kitu! Asubuhi ya Ijumaa nyumbani kwangu, kabla hujafumbua macho, unasikia kwaru, kwaru, kwaru, na hapo unajua kuna wali, kuna mtu, kuna siku nyingine. Wimbo ndio huo. Ulisikia asubuhi ngapi? anauliza yule asiye na uso. Mfaume anafungua mdomo ajibu na watu wote arobaini wanaacha kukuna hewa ili wamsikie. Asubuhi za miaka mitatu. Kisha? Kisha nikapata lori la kwenda Songea, siku tatu tu, mbili za kwenda na moja ya kurudi. Siku tatu hizo zilikuwa na miaka mingapi? Ukumbi unapiga makofi kabla hajasema. Kumi na mmoja, anasema Mfaume, na makofi yanazidi, kwa kuwa watu wa mahali hapa hupiga makofi kwa lolote mradi limesemwa jukwaani. Na kweli yuko jukwaani, hajui amepandaje.

Pazia linafunguka na nyuma yake ni jiko. Analijua. Ukuta una masizi mahali palepale, kifumbu cha kuchujia tui kinaning'inia kwenye msumari, na mbuzi imewekwa chini vizuri, inavyotakiwa, ulimi mbele. Kando yake ni nazi iliyovunjwa, nusu mbili, maji yake bado yanachuruzika. Mwenye kukuna ndiye hayupo. Kwenye ukuta kipo kibao kilekile: Mwenyewe hajulikani. Anajulikana! Mfaume anapiga kelele. Ni Somoe binti Makame, mshoto, mwenye kucheka kwa pua. Kundi zima linasogea, nyuso zao nazo sasa nyeupe kama pale pa kiongozi. Na wewe ni nani wake? Mumewe. Mume hujua kaburi, anasema kiongozi, liko wapi? Mfaume hajui. Aliporudi, Somoe alikwisha kuzikwa, shemeji zake walimwonyesha mgongo, na vyombo vilikwisha kuuzwa kwa mnunuzi wa vitu vya kale. Hakuuliza kaburi, alimpungia mkono dereva mwingine. Akawa njia nzima anawatukana wanunuzi, wasomi, na shemeji, na amewatukana hadi leo, na kila tusi lilikuwa tamu kwa sababu halikumlenga yeye. Usiguse, anasema kiongozi, kwa maana Mfaume ameshainama. Aguse asiguse, kitu kimoja anakijua: nazi iliyovunjwa haiachwi. Anakaa kiupandeupande kama alivyokaa yeye, anashika kifuu, anasukuma. Ulimi unakwepa. Umepinda upande usio wake. Anasukuma tena na chuma kinamkata kidole gumba, na kwa mara ya kwanza anang'amua kwamba katika miaka mitatu hakuwahi kuikalia hata siku moja, ameichonga tu na kusubiri wali. Filimbi ya mlinzi inalia. Kila kioo cha mji kinatetemeka. Ananyonya kidole, na ladha yake ni chuma na nazi.

Babu, unakoroma! Ni kiwiko cha Bi Kuruthumu. Amka, maswali hayo, si ulikuwa ukiwacheka wasomi? Kipaza sauti kiko chini ya kidevu chake tayari. Saa ya ukutani inasema kumi kamili. Mfaume anasimama, magoti yakilia. Ninyi, anasema, mmesimamisha kitu cha kulazwa chini. Hiyo ni mbuzi ya nazi. Ni ya Somoe binti Makame. Alikuwa mshoto. Andikeni. Kicheko kinapita ukumbini, kisha kinakufa chenyewe. Dokta Emeriana anaingia mbele ya mwanga wa mashine ya picha, na mwanga unampiga usoni, uso wote mweupe, hayaonekani macho wala mdomo. Na wewe, mzee wangu, ni nani wake? Hapo Mfaume angeweza kusema mumewe. Mimi ndiye niliyeichonga, anasema, kisha nikaondoka. Hata kaburi sijui. Dokta anachukua kalamu. Anaandika kwa muda mrefu. Watu wanapiga makofi. Kidole gumba cha Mfaume kinatoka damu kidogo. Labda ni pini ya kile kikaratasi, mtu akisinzia hujichoma. Kamba nyekundu ya kuzuia watazamaji iko mbele yake, na hakumbuki kama alipoingia ilikuwa upande huu au ule. Kuna harufu ya tui. Ni sambusa, anajiambia, Bi Kuruthumu alisema kuna sambusa. Kifuani kikaratasi kinampepea kwa ubaridi wa mashine, na yeye, aliyesoma kila kibao cha barabara kutoka Lindi hadi Songea, anatazama mbele tu na hainamishi shingo aone kama bado kimeandikwa MGENI.