Kazi ya Kukataa Kakao

Ézéchias Muhindo aliacha depo ya Beni baada ya miezi minne tu, na pale bironi, kwenye ofisi kuu ya Butembo, hakuna aliyeshangaa. Alikuwa wa tatu kuondoka katika miaka miwili. Kampuni ilinunua kakao ya wakulima, ikaikusanya Beni na kuivusha mpakani Kasindi, na kila msimu ulipopamba moto ndipo mkubwa wa depo alipofunga virago.

"Vijana ba leo hawapendi kazi," alisema direkta, Papa Edmond, akisukuma barua ya Ézéchias pembeni ya meza. "Mama Emérence, utoe tena lile tangazo ya mwaka jana. Badilisha tarehe tu."

Emérence Kavugho ndiye aliyekuwa akiitafutia kampuni wafanyakazi. Alikuwa mama wa miaka hamsini na miwili, mwenyeji wa Lubero, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowafanya watu wainame kidogo wanapomsikiliza, na alipopita watu wa biro walisimama. Msaidizi wake, Delphine Kalala, alikuwa binti wa mwalimu wa serikali aliyeletwa Butembo kutoka Kananga. Miezi miwili iliyopita alikuwa bado sekretari. Kazi hii mpya aliiona rahisi: dosie za waombaji zinakuja, unazisoma, unachagua zile nzuri.

Walipotoka kwa direkta, Emérence akamwambia, "Kesho tunaenda Kasindi."

"Kasindi? Kufanya nini, mama?"

"Kumuona Ézéchias, sasa anafanya kazi kule mpakani. Miye njo nilimuchagua. Kama amekimbia, kuna kitu sikuona."

Delphine hakuwahi kusikia mtu akimfuata mfanyakazi aliyekwisha kuondoka, tena si kumrudisha wala kumgombeza.

Walimkuta Ézéchias katikati ya malori, makaratasi ya forodha kwapani, akiwaita madereva kwa majina, akiruka madimbwi kama mtu aliyezaliwa pale. Mvivu hafanyi hivyo, Delphine akawaza. Ézéchias alipomwona Emérence, uso wake ulibadilika.

"Mama, funguo yote niliacha kwa mulinzi."

"Sikuja juu ya funguo. Sikuja kukulaumu. Nilikupa kazi yenye miye mwenyewe sikujua vizuri. Uniambie siku moja ya kule, tangu asubuhi."

Walikaa kwenye benchi nyuma ya wabadilishaji pesa. Emérence akafungua daftari na kungoja. Ézéchias alitafuta maneno kwa muda mrefu, na Delphine alitamani kumsaidia, ila mama yule alikuwa ametulia tu, kalamu mkononi, kana kwamba siku nzima ni ya huyo kijana.

"Tangazo ilisema kusimamia stoku, kuhesabu gunia," Ézéchias akaanza. "Stoku naiweza. Lakini saa moja wakulima bashajipanga inje. Napima kakao, mashine inasema bado ni mbichi. Basi ni miye wa kumuambia papa wa umri ya baba yangu, mwenye alitoka kwake saa kumi ya usiku, arudi na gunia yake. Siku ingine nilimuonea huruma nikapokea, Butembo bakapiga telefone: gunia zimeoza. Siku ingine nilikataa, mama mumoja akalia mbele yangu. Kiisha nikaanza kujificha ndani ya biro. Hesabu niliiweza, mama. Ile ingine, hapana."

"Na kama siku ya mahojiano ningekuuliza: uniambie mara ya mwisho ulikatalia mutu kitu, ungesema nini?"

Ézéchias akacheka, cheko la kwanza tangu wakae. "Ningekosa jibu. Lakini haukuuliza."

"Ni kweli," Emérence akasema. "Sikuuliza." Akaandika daftarini neno la Ézéchias kama alivyolitamka: haukuuliza.

Walilala Beni. Kesho yake Emérence alifika depo kabla ya mlango kufunguliwa, akakaa juu ya gunia tupu kwenye kona, akamtazama karani aliyeshika nafasi kwa muda. Kila mara karani alipolazimika kusema hapana, yeye aliweka alama. Ilipofika saa sita zilikuwa alama thelathini na moja. "Hii njo kazi yenyewe," akamwonyesha Delphine. "Miaka mbili naita batu kwa kazi ingine."

Tangazo jipya aliliandika yeye, kwa maneno ya kila mtu. Lilisema wazi kwamba kila siku utawaambia wakulima kadhaa kuwa kakao yao haijakauka, bila kuwadharau na bila kupokea gunia bovu. Hakudai diplome. Alidai kusoma, kuandika na hesabu, pamoja na ukurasa mmoja ambamo mtu aeleze jinsi alivyowahi kukataa jambo mbele ya watu. Lilibandikwa bironi, na kule Beni kwenye parokia na sokoni.

Zikaja dosie themanini na nne. Delphine akazipanga mafungu mawili na kumletea Emérence lile dogo, la zile zilizochapwa vizuri. Mama akaligusa tu kwa kidole.

"Wakati ulikuwa unasoma, ulikuwa unatafuta nini?"

Delphine akahisi masikio yanawaka. "Diplome, mama."

"Ézéchias alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

Delphine akarudi mezani pake, akalivuta lile fungu kubwa, akaanza upya, safari hii akisoma ule ukurasa mmoja kabla ya kitu kingine. Saa kumi ya jioni alikuta karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule. Aliyeiandika aliitwa Godelive Katungu, mwenye mashine ya kusaga muhogo kule Beni. "Muhogo mubichi unaziba mashine," aliandika. "Ni miaka kumi na moja narudisha batu na muhogo yabo. Wengi banarudi kwangu, hata kama kuna mashine ingine karibu."

Delphine alikimbia nayo hadi mlangoni pa Emérence. Mama akaisoma mara mbili, akavua miwani.

"Wewe njo umemupata. Miye, na haya macho yangu, ningempita."

Kwa siku mbili Delphine alitembea na maneno hayo moyoni kama mtu aliyepewa nguo mpya.

Waliwaita watu sita. Kila mmoja aliulizwa maswali yaleyale matano, kwa mpangilio uleule, na kila alipotoka Emérence alikataa kabisa kuzungumza. "Andika kwanza yako. Nikikuambia nimemupenda, na wewe utaanza kumupenda." Bertrand, ambaye Papa Edmond alishampenda kwa licence yake, shahada ya chuo kikuu cha Kinshasa, na salamu zake nzuri, aliongea kama redio. Alieleza umuhimu wa mawasiliano na mteja. Emérence alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Huyo mutu ulimukatalia ni nani? Ilikuwa siku gani? Kiisha alisema nini?" Bertrand akarudia kuhusu mawasiliano. Akaulizwa tena. Hakuwa na mtu, hakuwa na siku.

Godelive, mwanamke mkubwa wa mwili, mikono imekauka kwa unga, alikuwa na mtu na siku: shemeji yake mwenyewe, Jumamosi kabla ya ubatizo, ndoo tatu za muhogo usiokauka. "Alikasirika wiki mbili. Sherehe ilipita bila bugali ya unga yangu. Kiisha akarudi."

Waliobaki wawili, Bertrand kwa sababu direkta alimtaka, na Godelive, wakapewa nusu siku kila mmoja pale depo, kazi halisi na wakulima halisi. Bertrand alianza. Hakukosea kipimo hata kimoja. "Unyevu kumi na mbili. Inapaswa nane. Anayefuata," alimwambia mama mmoja, macho yakiwa kwenye mashine. Mama yule akainua gunia lake kimya, na mstari mzima ukaanza kunung'unika.

Zamu ya Godelive ilimletea Papa Gamaliel, mkulima aliyejulikana kwa ugomvi. Godelive alizamisha mkono guniani mpaka kwenye kiwiko, akatoa punje za chini kabisa, si zile za juu. Mashine ikasema kumi na moja. Mzee akapaza sauti kwamba mashine ya kampuni ni mwizi.

"Tuiache mashine," Godelive akasema. Akampa kisu. "Ukate wewe mwenyewe, papa."

Mzee akakata punje ya kwanza, ya pili, ya tano. Ndani zilikuwa na unyevu, kisu kikitoka kinanata.

"Unaona nini?"

Papa Gamaliel akafuta kisu. "Bado."

"Bado siku ngapi?"

"Mbili, kama jua iko."

"Leo iko. Turubai iko kule nyuma, utandike. Kesho kutwa unakuja mbele kwangu, hautafuata mustari."

Mzee aliendelea kugombana, lakini aligombana huku akienda nyuma na gunia lake. Delphine akageuka kumtazama Emérence. Mama alikuwa ameinamia daftari, uso mkavu kabisa, asije Godelive akaona kwamba amependezwa na kuanza kufanya kazi kwa ajili ya kutazamwa. Hapo Delphine akaelewa kwa nini watu wa biro walisimama kila mama huyu alipopita.

"Bertrand ana licence," Papa Edmond akasema waliporudi Butembo. "Huyu mama ana mashine ya muhogo."

Emérence aliweka mezani majibu ya hao wawili kama yalivyoandikwa, swali kwa swali, neno kwa neno. Direkta akasoma, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Na stoku?"

"Tutamufundisha kwa wiki mbili. Delphine ataenda naye. Naweza kukosea, Papa. Kwa Ézéchias nilikosea, kosa ilikuwa yangu, haikuwa yake."

Papa Edmond akatia sahihi.

Emérence alipompigia Godelive, alianza na mabaya: siku ambazo barabara inafungwa na malori hayapiti, wakulima wakiwaka, na hakuna wa kulaumiwa ila yule aliye mlangoni. Godelive akaomba siku mbili azungumze na mume wake, na dada yake atakayeshika mashine. Siku ya pili akasema ndiyo. Alimaliza msimu ule, akaanza mwingine.

Lakini kitu kilichomkaa Delphine zaidi ni mchana wa siku ileile Godelive alipokubali. Emérence alimpa karatasi yenye majina matano ya waliokosa. Si kuwaandikia, alisema, kuwapigia. Na kumwambia kila mmoja kile kilichoonekana.

Delphine alianza na Bertrand.

"Ni sababu hamukutaka mutu wa licence," Bertrand akasema kwa uchungu.

"Hapana. Ulipima vizuri, sikuona kosa hata moja. Lakini ule mama wa gunia, haukumuangalia usoni. Alienda na hasira, na bengine baliona."

"Hakuna mutu alishaniambia kitu kama hii," Bertrand akasema. "Kila mara bananyamaza tu. Alikuwa anaitwa nani, ule mama?"

Delphine alitafuta kwenye daftari lake, akamwambia. Kisha akauliza kama angependa kuitwa siku nafasi ya stoku ya hapa Butembo itakapofunguliwa. Bertrand akasema angependa, kisha akasema aksanti.

Emérence alikuwa amesimama mlangoni, akifunga kitambaa chake. "Amesema nini?"

"Amesema aksanti. Ila si mara moja."

"Inatosha. Bado banne," akasema mama, akavuta kiti na kuketi karibu naye.