Spika ya Upande wa Kushoto

Mjukuu wangu Robinah ana gari dogo la kukodisha, hubeba wafanyabiashara kati ya Mpondwe na Kasese. Kila Alhamisi wateja wake huambiwa wamngoje, kwa sababu siku hiyo hutuchukua sisi kutoka Bwera, mimi na mume wangu Asanasio, akasafishiwe kidonda cha mguu kwenye kliniki ya Kasese. Hajawahi kutudai hata mafuta.

Redio ya gari hilo ilikuja nalo kutoka Japani, na namba zake ziliishia tisini. Stesheni yetu iko juu ya hapo. Kwa hiyo tulisafiri na mikwaruzo tu, wala hatukujali, mpaka alipofariki Sunday wa Muhokya, rafiki wa Asanasio tangu ujana.

Kwetu matangazo ya vifo husomwa redioni saa kumi na moja jioni, pamoja na majina ya wanaotakiwa kufika. Jina la Asanasio lilisomwa mara mbili. Ilikuwa Alhamisi, na sisi wakati huo tulikuwa tunapita Muhokya kwenyewe, tunarudi nyumbani. Sunday akazikwa kesho yake bila sisi; habari zilitufikia baada ya mazishi. Asanasio alipotuma mtu kwa wafiwa kueleza, jibu lilirudi fupi: jina lake lilisomwa na watu wote walisikia.

Basi akakataa kwenda kliniki. Alisema hatakaa tena ndani ya gari saa ya matangazo. Kidonda kikaanza kunuka, naye akawa anakaa mbali kidogo na watu, ili wasione haya kuziba pua.

Robinah alikuwa ameweka akiba anunue spika kubwa ya besi ya kuweka kwenye buti la gari, maana vijana wa sokoni hupanda gari lenye muziki. Siku moja akanichukua twende kwa Benoît, fundi Mkongomani mwenye kibanda karibu na soko la Mpondwe. Benoît akafungua mlango wa gari, akatoa spika. Karatasi yake ilikuwa imechanika kama chapati. Akanigeukia mimi, si Robinah.

"Mama, nani atasikiliza hii redio sana?"

Nikamwambia ni mzee wangu, anataka matangazo.

"Anaikalaka wapi? Na sikio gani iko muzima?"

Hata kliniki hawakuwahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza kwamba hukaa mbele, upande wa kushoto, na sikio linalosikia ni hilo la dirishani.

Benoît akamwambia Robinah ukweli, ingawa ukweli huo ulimnyima faida. Besi ingepiga kifua, maneno yangepotea. Pesa zilitosha kitu kimoja tu. Robinah akaitazama ile besi pale juu ya rafu kwa muda, kisha akanicheka mimi niliyekuwa nimeshika pumzi.

"Weka ya babu," akasema. "Vijana watacheza wakifika kwao."

Benoît akaunga kwenye waya wa eriali kifaa kidogo kama kiberiti, redio ikapata stesheni zetu. Akafunga spika mbili zilizotoka kwenye gari lililopata ajali. Ndani ya milango akabandika vipande vya mpira wa tairi ili bati lisitetemeke. Mwishowe akaweka spika ndogo kwenye kona ya kioo, kushoto, usawa wa sikio. Hiyo ya mwisho hakututoza kitu. Alisema ilikuwa inaikala tu kibandani, haina kazi.

Jioni Robinah aliegesha uani, akawasha redio, akaacha mlango wazi. Hakumwita mtu. Asanasio alisikiliza kutoka kwenye kiti chake, halafu akaja na fimbo yake, akaingia, akakaa mpaka jina la mwisho.

Alhamisi akakubali kliniki. Tulipokuwa tunarudi, kabla ya Muhokya, msomaji akataja kifo cha dada mkubwa wa Sunday. Yakafuata majina ya wanaotakiwa kufika, mengi, wa Bwera, wa Bulembia, wa Mpondwe. Asanasio aliinama kushoto na kuyasikiliza yote. Lake halikuwamo.

Nilitaka kumshika mkono, nikaogopa. Robinah akapunguza mwendo.

"Kata kona Muhokya," Asanasio akasema.

Tulimkuta Musoki, mjane wa Sunday, akipanga viti vya msiba uani. Alimtazama mume wangu akishuka polepole na bendeji yake mpya.

"Hatukukutaja, shemeji," akasema.

"Nimesikia. Nimesikiliza mpaka mwisho. Ile siku ya Sunday redio ya gari ilikuwa haifiki, Musoki. Nilipita hapa barabarani, na sikujua."

Mimi nilimwona Musoki akiutazama ule mguu, kisha barabara, kama mtu anayepima umbali wake. Akachukua kiti kimoja, akakipeleka mbele, kwenye safu ya wenye msiba, akarudi kumshika Asanasio mkono.

"Njoo ukae na wenzako," akasema.

Robinah akazima gari, akaenda kuwasaidia kubeba maji.