Mkono wa Mpiga Pamba

Baba mkwe wangu, Harbans Lal, alikuwa amekwisha kuchora wapiga pamba saba kati ya kumi na wawili walioagizwa na duka moja la mjini, siku Idris Mansuri aliposimama mlangoni petu akacheka.

Kazi ya nyumba yetu hapa mtaa wa Lodi Katra, mjini Patna, ni kunakili. Enzi za Waingereza, mafundi wa Patna waliwachorea picha za watu wa kazi: dobi, muuza samaki, mbeba maji. Picha nyingi zikaenda ng'ambo, sisi tukabaki na violezo, karatasi nyembamba zilizotobolewa kwa sindano kufuata mistari. Unalaza kiolezo juu ya karatasi safi, unapitisha unga wa makaa, mchoro unashuka kwa vitone. Mimi husaga rangi na kumalizia nguo. Nyuso hazigusi mtu ila baba mkwe, kwa brashi ya manyoya ya kindi.

Idris tulimjua sote. Kila baridi ikikaribia alipita na upinde wake mkubwa wa kupigia pamba begani, akiudonoa uzi ulie, ili mwenye mfarishi uliogandamana amwite aipige pamba yake upya. Siku hiyo hakuna aliyemwita. Aliona tu picha zikikauka ukutani.

"Babuji," alisema, "huyu anapiga pamba au anafukuza nzi?"

Baba mkwe hakuinua kichwa. "Anapiga pamba. Ana kosa gani?"

"Rungu la kupigia uzi liko mkono wa kushoto."

"Kwani watu wa shoto hawapo?"

"Wapo. Lakini tazama na kanzu yake, imefungwa kushoto kama yako wewe Mhindu. Babu yangu alifunga kulia, kama Waislamu wote wa zamani. Huyu mpiga pamba wenu kabadili dini lini?"

Nilijifunika mdomo kwa ncha ya sari. Baba mkwe aliniona, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Baba yangu alimchora hivi. Na babu yangu."

"Basi wote watatu mlikuwa mnalala sakafuni," Idris akasema, "maana godoro la huyu halilaliki."

Alifukuzwa. Akaenda zake akiudonoa upinde, tung, tung, mpaka mwisho wa uchochoro.

Kwa siku mbili baba mkwe hakuchora. Alikaa na brashi mkononi, mara kulia, mara kushoto. Siku ya tatu akaniambia, "Manjari, mfarishi wangu umekuwa mgumu kama mkate wa juzi. Mwite yule mwehu."

Idris alikuja na mkewe, Hasina, mshonaji. Hasina akafumua mfarishi, akaishika pamba, akamtazama mumewe. Ilikuwa laini kama povu.

"Babuji," Idris akasema taratibu, "pamba hii niliipiga mwenyewe kabla ya sikukuu ya Diwali."

"Ipige tena."

Idris akaelewa. Hakutania. Alichuchumaa, akashika upinde kwa kushoto, rungu kwa kulia, akaanza. Baba mkwe alisogeza kigoda hadi karibu apigwe. Alitazama kiwiko, kifundo, namna bega linavyotangulia kabla ya pigo. Nyuzi za pamba zilitanda mpaka kwenye nyusi zake. Nilipotaka kumfuta alinisukuma.

"Miaka arobaini naipiga kazi hii," Idris alisema akipumua kwa nguvu, "hakuna aliyewahi kunitazama mkono. Huwa wananitazama nisiibe pamba."

"Acha maneno. Rudia hilo la mwisho."

Kesho yake walikwenda pamoja, nami nikiwafuata, kwenye maktaba ya zamani kando ya mto Ganga, ambako picha ya asili imehifadhiwa. Baba mkwe hakuwa ameiona tangu ujana. Mtunzaji alipofungua albamu, wote watatu tuliinama.

Rungu lilikuwa kulia. Kanzu ilikuwa imefungwa kulia.

Mtu mmoja katika ukoo wetu, siku moja, alikilaza kiolezo upande wa nyuma, kulia kukawa kushoto, nasi tukamfuata kwa uaminifu vizazi vitatu. Niliogopa baba mkwe atavunjika moyo. Badala yake alicheka mpaka mtunzaji akamkanya.

Idris hakucheka. Alimwinamia yule mtu wa kwenye karatasi, akamsalimu kwa sauti ya chini kama baba yake mdogo, "Salaam aleikum, chacha." Kisha akasema, "Mgongo unamuuma huyu. Angalia anavyouegemeza kwenye goti. Aliyemchora alikuwa na macho." Akatafuta pembeni mwa picha. "Ila mkewe yuko wapi? Pamba yote hii anaishona nani?"

Baba mkwe alirudi nyumbani, zile saba akanipa nijaribie rangi nyuma yake, kiolezo akakigeuza, akaanza upya. Bi Aparajita wa lile duka la mjini alilalamika kwamba zimechelewa na hazifanani na sampuli. "Sampuli ilikosea," akajibiwa, na akazichukua zote kumi na mbili.

Ya kumi na tatu haikuwa na kiolezo. Baba mkwe aliichora kwa brashi moja kwa moja, Idris akiwa katikati ya pigo na Hasina kando yake na sindano, uzi ukiwa menoni. Yeye mwenyewe alimwita Hasina aje kuichukua.

Hasina aliishika mbali, akaileta karibu, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Idris alisimama nyuma yake kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Pua yangu si kubwa hivi," Hasina akasema hatimaye.

"Ni hivyo hivyo, dada," akajibu baba mkwe. "Nimeitazama vizuri."

"Haya." Aliifunga picha katika kitambaa safi, akaikumbatia kifuani. "Lakini uzi umeuweka pazuri."