Ukoo wa Themanini na Nane

Wanaodhani kazi ya maabara ni koti jeupe na kuchungulia hadubini hawajamwona Bi Sindano. Mwaka wa nne huu alikuwa akichemsha maharage ambayo hakuna mtu atakayeyala. Chuma chenye matundu ishirini na tano kinaingia kwenye sufuria, kila tundu punje moja, na juu ya kila punje inasimama sindano nzito. Punje ikilainika, sindano inaitoboa na kushuka. Ya ishirini ikishuka, anatazama saa, anaandika dakika, anaosha sufuria, anaanza upya. Jina la Sindano alipewa na wenzake, naye alishachoka hata kulikataa.

Koo za maharage hayo zilikuwa mia moja sitini na mbili, kila mmoja na namba yake, zote uzao wa mama mmoja anayeiva upesi na baba mmoja mgumu kama kokoto. Daktari wa mbegu, mkuu wake, alikuwa akichora ramani ya jeni ili ajue huo upesi umekaa wapi hasa katika urithi wao. Kila dakika aliyoandika Bi Sindano iliingia kwenye ramani hiyo.

Alasiri moja Daktari alimwita kwenye kompyuta. Macho mekundu kwa kukosa usingizi, lakini anacheka.

"Mama, njoo uone. Jeni yetu imo kwenye kipande hiki, hakuna pengine. Koo nyingine zimekirithi kizima, ama cha mama ama cha baba. Ukoo wa themanini na nane peke yake ndio umechukua nusu huku, nusu kule. Na unaiva dakika thelathini na sita, upesi kama mama! Basi jeni iko nusu ya mama. Ile nyingine tunaitupa, na keshokutwa natuma ripoti."

Ukoo ule Bi Sindano aliukumbuka vizuri, kwa sababu hakuuona ukiiva. Ulikuwa msimu ambao mama mkwe wake alianza kuchanganya usiku na mchana, akigonga milango na kudai nguo za safari, na yeye akifika kazini bila hata lepe la usingizi. Saa nane mchana, mvuke usoni, akapitiwa. Kuzinduka, sindano zote chini. Wiki iliyotangulia alikuwa ameshaharibu mchemsho mmoja akakaripiwa mbele za watu. Akatazama ukoo uliotangulia, dakika thelathini na nane, akapunguza mbili ili ifanane na kweli. Namba moja kati ya mia moja sitini na mbili, nani angejali?

Alirudi kwenye sufuria yake akaiosha, ingawa ilikuwa safi tayari. Akajiona akichemsha miaka mingine minne kwa ajili ya nusu ambayo huenda haina kitu. Uchovu ukamjaa hadi kooni. Akarudi.

"Daktari, themanini na nane niliitunga."

"Ulitunga nini?"

"Namba. Nililala. Nilikuta zimeanguka zote."

Kicheko kikamkatika Daktari. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa. Halafu nikachoka, nikasahau kwamba niliogopa."

Daktari hakufoka, na afadhali angefoka. Akafungua kabati, akamwaga pakiti kiganjani: punje thelathini na moja, ndizo zilizobaki za ukoo mzima. Akaloweka ishirini na tano, sita akazirudisha.

Kesho yake walikaa wote wawili mbele ya sufuria. Daktari alilishika daftari mwenyewe. "Wewe taja, mimi naandika." Ilimchoma Bi Sindano, akasogeza kiti karibu na sufuria.

Dakika ya thelathini, kichwa cha Daktari kikaangukia kifuani. Bi Sindano akamwacha. Yeye safari hii hakupepesa. Thelathini na sita ikapita, hakuna sindano hata moja. Dakika ya hamsini, mbili tu. Ya ishirini ilishuka dakika ya themanini na tatu, akaishika namba kichwani. Angemwamsha hapo hapo, lakini alimwonea huruma. Akangoja mpaka ya mwisho itue, ndipo akamgusa bega.

"Themanini na tatu. Jeni iko nusu ya baba."

Daktari alijifuta uso, akatazama sindano. Zote ishirini na tano zilikuwa chini.

"Uliiona wewe?"

"Niliiona."

Daktari akaandika themanini na tatu. Kalamu ikasita, kisha kando ya namba akaweka alama ndogo ya kuuliza.

"Tutapanda zile sita," alisema. "Zikizaa, tutachemsha tena."

Bi Sindano aliitazama ile alama, ikamuuma kuliko karipio lolote alilowahi kupata. Kwenye ile namba ya uongo hawakuweka alama.